Cheti cha Kiingereza na Kitanda cha Mgonjwa

Wodini kuna watumishi ambao, wakitoka zamu ya usiku, hawaendi kulala. Hukaa kwenye chumba cha mapumziko, simu sikioni, wakimsikiliza Mwingereza akieleza namna ya kukodi baiskeli au historia ya kiwanda cha viatu, huku wakijaza majibu arobaini kwenye karatasi. Wanajiandaa kwa mtihani wa Kiingereza. Mmoja amepata nafasi ya shahada ya uzamili ya afya ya jamii Uingereza, kwa masharti. Mwingine ni muuguzi anayetaka kubobea katika huduma ya wagonjwa mahututi. Wa tatu ni mfamasia aliyekwisha kuufanya mara mbili na kupungukiwa nusu alama. Wote watatu walisoma sekondari kwa Kiingereza, wakasoma chuo kwa Kiingereza, na kila siku huandika kwenye faili la mgonjwa kwa Kiingereza.

Katika tiba hakuna anayekubali kipimo kipya cha damu bila kuuliza kinapima nini hasa, kinakosea mara ngapi, na majibu yake yatamsaidia nani. Kipimo cha lugha hakistahili kuachwa kipite bila maswali hayo.

Mitihani ya aina hii ina umri wa kutosha. Cambridge walianza kutoa mtihani wa umahiri wa Kiingereza kwa wageni mwaka 1913. Watahiniwa walikuwa watatu, karatasi zilichukua takriban saa kumi na mbili, na wote watatu walishindwa. TOEFL ya Marekani ilianza mwaka 1964. IELTS, inayofahamika zaidi Afrika Mashariki, ilianza kwa jina hilo mwaka 1989, ikirithi mtihani wa Uingereza wa mwaka 1980. Mtihani huo wa 1980 ulikuwa na jambo ambalo wahudumu wa afya wa leo wangelipenda: ulikuwa na sehemu maalumu kwa fani mbalimbali, na tiba ilikuwa mojawapo. Mwaka 1989 tiba iliunganishwa na sayansi za viumbe. Mwaka 1995 sehemu za fani ziliondolewa kabisa, na tangu hapo kila anayeomba chuo kikuu, awe mhandisi, mwanasheria au daktari wa watoto, hufanya karatasi moja. Uamuzi huo haukuwa wa ovyo, kwa kuwa kuandaa karatasi nyingi zenye ugumu ulio sawa ni kazi kubwa. Lakini matokeo yake ni kwamba mkunga mwenye miaka kumi kazini hupimwa kwa kuandika insha kuhusu utalii au magari ya mijini, na kwa mazungumzo ya dakika kumi na moja hadi kumi na nne na mtu asiyemfahamu.

Wanaoutetea mtihani wana hoja nzito. Februari 2008, nchini Uingereza, daktari aliyetoka Ujerumani kwa ajili ya zamu ya mwisho wa wiki alimchoma mgonjwa, nyumbani kwake, miligramu 100 za dayamofini, mara kumi ya dozi iliyostahili. Mgonjwa alifariki. Ilibainika baadaye kwamba mamlaka moja ya afya ilikuwa imemkataa daktari huyo kwa udhaifu wa Kiingereza chake, kisha mamlaka nyingine ikamwandikisha. Wakati huo, kwa sheria za Ulaya, daktari Mjerumani hakulazimika kuthibitisha Kiingereza mbele ya Baraza la Madaktari kama alivyolazimika daktari wa Tanzania au India. Baraza lilipewa mamlaka ya kuwapima madaktari wa Ulaya mwaka 2014. Ni kweli pia kwamba daktari mwenyewe alieleza kuwa alikuwa amechoka na kwamba alichanganya dawa, kwa kuwa dayamofini hakuizoea kwao. Cheti cha lugha kingeweza kumzuia mlangoni, ila kisingemfundisha dozi. Hata hivyo, mgonjwa ana haki ya kuhudumiwa na mtu anayeelewa anachoambiwa, na hoja hiyo haifutwi na manung'uniko ya watahiniwa.

Tatizo limo kwenye namna matokeo yanavyotumiwa. Baraza la Madaktari la Uingereza hutaka wastani wa 7.5 kwenye IELTS, na isiyopungua 7 kwa kila sehemu. Baraza la Wauguzi na Wakunga la huko hutaka 7 katika kusoma, kusikiliza na kuzungumza. Katika kuandika lilitaka 7 pia, hadi mwishoni mwa mwaka 2018 liliposhusha hadi 6.5. Kabla ya siku hiyo muuguzi wa 6.5 alihesabika hajui kuandika Kiingereza cha kazi. Baada yake 6.5 hiyo hiyo ikatosha. Kiingereza cha muuguzi hakikusogea hata hatua moja. Waliosogea ni wajumbe wa mkutano, nao walisogea kwa busara, baada ya kuona wauguzi wazuri wanaachwa nje kwa tofauti ndogo.

Mhudumu wa afya analijua jambo hili kutokana na presha. Mstari wa 140 kwa 90 humsaidia kuamua, lakini mgonjwa wa 138 haambiwi aende zake, na wa 142 haanzishiwi dawa kabla ya kupumzishwa kitini, kupimwa tena, na kuulizwa kama ametoka kupanda ngazi au kunywa kahawa. Kila kipimo kina hitilafu yake, na waandaaji wa mitihani ya lugha huitangaza ya kwao katika taarifa zao wenyewe. Tofauti ya 6.5 na 7 katika insha iliyoandikwa kwa dakika arobaini, na mtu aliyesafiri usiku kucha kwa basi, yaweza kumezwa na hitilafu hiyo. Ofisi ya udahili inayosoma namba hiyo peke yake, bila kutazama shahada ya kwanza ya mwombaji, barua za wasimamizi wake wala makala aliyochapisha, inafanya kosa ambalo mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa udaktari angekaripiwa kwalo: inatibu karatasi ya maabara badala ya mtu.

Cheti chenyewe huhesabika hai kwa miaka miwili tu. Hapa maabara inatoa mifano miwili. Wingi wa damu uliopimwa miaka miwili iliyopita hauna maana leo, na hakuna anayeutumia kuamua kumwongezea mgonjwa damu. Kundi la damu, kwa upande mwingine, halibadiliki, ingawa maabara makini hulipima tena kabla ya kuongeza damu na hufanya vyema. Lugha haifanani sawasawa na kimojawapo. Mtu aliyefaulu mtihani kisha akakaa miaka miwili pasipo kusoma wala kusema Kiingereza atakuwa amepoteza kiasi. Mtu aliyeitumia miaka hiyo miwili kusoma majarida ya tiba, kuandika ripoti na kuhudhuria mikutano ya kitaalamu kwa Kiingereza amepanda, naye hutakiwa kulipa upya sawa na yule wa kwanza. Ada ya mtihani mmoja katika nchi nyingi hupita dola 200 za Marekani. Kwa muuguzi wa zahanati hilo ni pengo kubwa katika mshahara wa mwezi, kabla ya kuhesabu nauli kutoka Kigoma au Rukwa hadi mji wenye kituo cha mtihani, malazi, na siku za ruhusa kazini.

Kuna malalamiko mengine ambayo yanahitaji uaminifu zaidi. Serikali ya Uingereza ina orodha ya nchi ambazo raia wake hawatakiwi kuthibitisha Kiingereza. Jamaica imo, Guyana imo, Malta imo. Nchi ya Afrika haimo hata moja, na mwaka 2021 vijana wa Nigeria walianzisha ombi la umma kulipinga hilo. Wanigeria wana hoja. Mtanzania anapojiunga na kilio hicho, inampasa akumbuke kwamba Kiingereza chake mara nyingi ni cha kusomea: humwezesha kumaliza kitabu cha fiziolojia na kujibu mtihani, lakini huyumba anapotakiwa kubishana kwa adabu na daktari bingwa kuhusu dozi, au kumtuliza mke wa mgonjwa kwenye simu. Kusoma anatomia kwa Kiingereza na kuishi kwa Kiingereza ni mambo mawili. Mtihani, pamoja na kasoro zake, humwonyesha mtu pengo hilo mapema, kabla hajalikuta usiku wa manane wodini ugenini.

Kwa wanaojiandaa sasa, kuna jambo la faida ambalo wengi hulijua wakiwa wamekwisha kulipa. Vyuo vikuu vya Uingereza vina ruhusa ya kutathmini vyenyewe Kiingereza cha mwanafunzi anayekuja kusoma shahada. Baadhi hukubali barua ya chuo cha awali inayothibitisha kwamba masomo yalitolewa kwa Kiingereza. Baadhi hukubali daraja la Kiingereza la cheti cha sekondari cha Afrika Mashariki. Inafaa kuiandikia ofisi ya udahili na kuuliza kabla ya kutoa hata shilingi. Kwa anayekwenda kufanya kazi ya tiba, mabaraza ya Uingereza hukubali pia mtihani wa OET, uliotungwa Australia mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa ajili ya wahudumu wa afya, nao una matoleo kwa fani kumi na mbili. Humo mtahiniwa hupewa kumbukumbu za mgonjwa na kuandika barua ya rufaa. Kisha hukaa na mtu anayejifanya mgonjwa au jamaa wa mgonjwa, wakazungumza. Ada yake ni kubwa zaidi, lakini muuguzi anayeufanya walau anapimwa kwa kazi anayoijua. Njia za mkato ziepukwe: mwaka 2014 nchini Uingereza ilifichuliwa televisheni jinsi watu wa kukodi walivyowafanyia wengine mitihani ya Kiingereza ya viza, na msako uliofuata uliwashutumu wanafunzi zaidi ya 30,000, wakiwamo walioapa kuwa hawakudanganya na waliotumia miaka mahakamani kusafisha majina yao.

Hapa mjadala unapaswa kugeuzwa uelekee upande wa pili wa kitanda.

Hospitali kubwa za Dar es Salaam, Moshi, Mwanza na Zanzibar hupokea wanafunzi wa udaktari na uuguzi kutoka Ulaya na Amerika Kaskazini wanaokuja kwa wiki chache za mafunzo kwa vitendo. Wapo pia wanaokuja kusoma shahada nzima. Timu za madaktari kutoka China zimekuwa zikifanya kazi Zanzibar tangu mwaka 1964 na Tanzania Bara tangu 1968. Wageni hawa huombwa pasi ya kusafiria, kibali, barua ya chuo na ada. Cheti cha Kiswahili, kwa kawaida, hakuna anayeombwa. Uingereza humpima Mtanzania lugha kwa jina la usalama wa mgonjwa Mwingereza. Mgonjwa wa Temeke, ambaye ana mwili ule ule na hofu ile ile, hakuna aliyemwekea mlinzi mlangoni.

Mama mtu mzima amefika kliniki. Anasema chembe ya moyo inamuuma tangu juzi, hasa akiwa na njaa. Mwanafunzi mgeni, aliyejifunza maneno mia mbili kwenye simu, amesikia neno moja tu, "moyo". Anaandika maumivu ya moyo na kuagiza kipimo cha umeme wa moyo. Kumbe chembe ya moyo, kwa Mswahili, ni pale katikati, kifua kinapoishia na tumbo kuanza. Mama anaeleza tumbo lake, na neno "njaa" lilikuwa ndilo la kushikwa. (Daktari makini hataupuuza moyo hata hivyo, kwa sababu mshtuko wa moyo wakati mwingine hujionyesha hapo hapo. Lakini ataupima kwa kuwa ameelewa na kufikiri, si kwa kuwa amesikia vibaya.)

Mifano haiishi. Mzazi anayekimbia akisema mtoto ameshikwa na dege anaomba msaada wa dakika hiyo hiyo, na anayemsikiliza asipojua kwamba hiyo ni degedege atapoteza muda akiwaza ndege. Binti anayesema hajaona siku zake hazungumzii kalenda. Mwanamume anayesema nguvu zimepungua, macho yakiwa sakafuni, hazungumzii mikono. Na kuna yale yasiyo msamiati. Mzee wa miaka sabini anayeulizwa habari za mkojo wake kabla ya kupewa shikamoo atajibu "vizuri tu", na kwa jibu hilo tezi dume litaendelea kukua bila kuonekana kwenye faili.

Mkalimani katika hali hiyo ni muuguzi wa zamu, anayevutwa kutoka kwenye sindano za saa nne. Asipopatikana, hutumiwa jamaa. Mtoto wa kiume anatakiwa kutafsiri maswali kuhusu uchafu unaomtoka mama yake. Mama anajibu hapana kwa kila swali, mwanafunzi anaandika hapana, na maambukizi yanabaki mwilini. Mgonjwa huyo hakudanganya. Alilinda heshima yake mbele ya mwanawe, na mfumo ndio uliomweka mahali pa kuchagua.

Wala kasoro hii si ya wageni peke yao. Daktari mzawa wa Mbeya aliyejifunza ugonjwa wa figo kwa Kiingereza tangu siku ya kwanza hubabaika anapotakiwa kueleza kwa Kiswahili kwa nini mgonjwa asafishwe damu mara tatu kwa wiki. Husema "figo zimefeli", kisha huinuka. Mgonjwa aliyewahi kufeli darasa la saba anajua kufeli ni nini: ni mwisho wa safari. Anarudi nyumbani kugawa mashamba. Kazi ya kila siku ya mhudumu wa afya nchini ni kupokea maradhi kwa Kiswahili, kuyaandika kwa Kiingereza, kisha kuyarudisha kwa Kiswahili yakiwa na maana. Nayo haina mtihani, chuoni wala barazani. Mwanafunzi huhesabiwa ameimudu kwa sababu tu alizaliwa nchini. Huko vijijini, ambako bibi hajui Kiswahili bali Kisukuma au Kimaasai pekee, hesabu hiyo huharibika zaidi.

Vyuo vya tiba nchini vina uwezo wa kulirekebisha hili bila kusubiri msaada wa nje. Mgeni anayekuja kusoma shahada atakiwe, kabla ya kuanza mwaka wa kliniki, kufaulu mtihani wa Kiswahili cha wodini: achukue maelezo ya mgonjwa, ampe maelekezo ya dawa, amweleze habari ngumu, kisha amwandikie karatasi ya ruhusa anayoweza kuisoma nyumbani. Anayekuja kwa wiki sita asipewe mtihani wa namna hiyo, kwa kuwa hataweza; apewe mkalimani anayelipwa kutokana na ada yake, na asiruhusiwe kuchukua maelezo ya mgonjwa peke yake. Mzawa naye afanye mtihani ule ule wa mgeni. Msamiati na viwango vyaweza kuandaliwa pamoja na Baraza la Kiswahili la Taifa na Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mradi wauguzi wakongwe wakae kwenye meza hiyo, kwa sababu wao ndio wanaojua wagonjwa husema nini hasa.

Patakuwa na pingamizi kwamba wageni watakwenda nchi nyingine na ada zao. Ujerumani ilikubaliana mwaka 2014 kwamba madaktari wa kigeni wapimwe Kijerumani cha tiba mbele ya chama cha madaktari cha jimbo: dakika ishirini za mazungumzo na mgonjwa wa kuigiza, dakika ishirini za kuandika, dakika ishirini za kumweleza daktari mwenzako. Madaktari wa kigeni hawakuacha kwenda. Walijifunza, na wengine walishindwa mara ya kwanza wakarudi tena.

Mtihani kama huo hauhitaji kompyuta wala hakimiliki ya mtu. Unahitaji chumba, meza, viti viwili, saa ya ukutani, mtahini mwenye karatasi ya alama, na mtu mmoja anayeweza kukaa na kusema, kwa sauti ya mgonjwa, kwamba chembe ya moyo inamuuma tangu juzi. Vyuo huvitumia vyote hivyo tayari, kila mwisho wa muhula, katika mitihani yao ya vitendo.